Nyumba ya chasisi ikianza kupinda: anza na jembe, kuchomelea kutafuata

Mlango ndio husema kwanza. Chumba changu cha kuhamishika kipo Uyole, Mbeya, juu ya chasisi ya trela kuukuu. Nilikitoa Mafinga, kilikokuwa kikilaza vijana wa kupasua mbao. Mwezi wa pili, mvua imekolea, mlango ukaanza kukwaruza sakafu upande wa komeo. Nikaupiga randa. Baada ya wiki mbili ukakwama tena, na kioo cha dirisha la nyuma kikapata ufa wa mshazari bila mtu kukigusa. Nikamwita fundi wa kuchomelea. Akajipenyeza chini, akaona ufa kwenye mhimili, akabandika kipande cha pleti, akalipwa, akaondoka. Mwezi wa tatu haujaisha, chuma kikapasuka tena, sentimita chache tu pembeni mwa ile pleti.

Fundi hakukosea. Nilimwita aje kushona shati lililokuwa bado limenaswa kwenye mwiba. Kona ile ilikuwa imeshuka kwa sababu maji ya paa yalidondokea palepale kwenye kitako chake, yaani mguu unaoibeba, msimu mzima, yakaula udongo wa chini, na mhimili ukabaki unaning'inia kama ulimi. Jirani yangu, mzee wa Kinyakyusa aliyekuwa mwashi, alipokuja kutazama hakuinama hata kuangalia chuma. Alichoma udongo kwa fimbo, ikazama. "Mwanangu," akasema, "hapa ungekuja na jembe kwanza." Nikamwambia ndaga, yaani asante, nikaenda kutafuta jembe.

Nikisema fremu humu sizungumzii fremu ya biashara ya kupanga pale Mwanjelwa. Nazungumzia mifupa ya chuma inayobeba chumba kinachoweza kuhamishwa. Kwetu Nyanda za Juu vipo vya namna tatu. Kuna kontena lililokatwa madirisha likawa duka au ofisi. Kuna kibanda cha skwea paipu kilichovikwa bati. Na kuna nyumba iliyojengwa juu ya chasisi ya trela, ambayo wenye kambi za mbao na wachimbaji wa Chunya wanaipenda kwa sababu kazi ikiisha unaivuta na kuondoka nayo. Marekani, ambako mamilioni ya watu wanaishi kwenye nyumba za namna hii ya tatu, viwango vya serikali vya kuzijenga vilianza kutumika Juni 15, 1976, na chasisi huhesabiwa kuwa sehemu ya kudumu ya nyumba. Sisi chasisi tunaiona kama kigari tu. Ndiyo maana hatuiangalii.

Ni vizuri kujua mzigo unapita wapi. Nyumba ya chasisi ina mihimili miwili mirefu, kwa kawaida ai-bimu (chuma chenye umbo la I) au chaneli (chenye umbo la U), inayokwenda mbele hadi nyuma. Katikati yake kuna vyuma vya kukatisha, na pembeni mabawa yanayotoka nje kubeba kuta. Ukuta unalalia bawa, bawa linalalia mhimili, mhimili unalalia vitako, vitako vinalalia udongo. Kontena ni tofauti: limetengenezwa kusimama kwenye kona zake nne, na kuta zake zenye mikunjo ndizo zinazolizuia lisilegee katikati. Hilo nitalirudia, kwa sababu watu wengi wanaharibu kontena siku ya kwanza kabisa kwa grenda.

Hatua ya kwanza: soma dalili bila kugusa kitu

Zunguka nyumba na kalamu. Fungua na ufunge kila mlango na kila dirisha, uandike lipi linakwama na linakwama wapi. Mlango unaokwaruza chini upande wa komeo na kuacha mwanya juu upande uleule unakuambia fremu yake imelala. Angalia kona za madirisha, maana ufa wa dari au ubao huanzia hapo. Ndani, weka gololi ya mtoto sakafuni uone inakimbilia wapi. Ruka kidogo katikati ya chumba: sakafu ikinesa sehemu moja tu, huenda plaiwudi imeoza na chuma ni kizima. Ikinesa na vyombo vikagonga kabatini, shida iko chini zaidi.

Angalia pia nje, pale ukuta unapokutana na paa. Bati lililokuwa limenyooka likianza kuvimba kama shavu, au misumari ikichomoza mstari mmoja, nyumba inajisokota.

Hatua ya pili: pima kwa mpira wa maji, na uandike

Hapa usiharakishe. Pimamaji ya fundi ya sentimita 60 itakuambia sehemu ile ya sentimita 60, basi. Unahitaji mpira mwembamba unaopitisha mwanga, mrefu kuliko nyumba yako kwa mita tatu nne hivi. Ujaze maji polepole kutoka kwenye ndoo iliyo juu, hadi mapovu yote yatoke. Povu moja tu likikaa katikati linakudanganya. Weka tone la rangi au chai ya rangi ili usome vizuri. Kabla ya kuanza, shika ncha zote mbili pamoja: maji lazima yalingane. Yasipolingana, kuna povu au mpira umekunjika. Usipime nusu ya mpira ikiwa juani na nusu kivulini, kwa sababu maji ya moto na ya baridi hayakai sawa. Asubuhi kabla jua halijapanda juu ya Rungwe ni saa nzuri.

Chagua nukta kwenye mihimili yenyewe, si kwenye sakafu wala ukuta. Mimi nina nukta nane, nne kila upande, juu ya kila kitako, nimezitia alama kwa tindo na rangi nyeupe. Nukta namba 1 ni sifuri. Mtu mmoja anashika ncha hapo, wewe unazunguka na ncha ya pili, unasubiri maji yatulie, unapima kwa milimita yalipo juu au chini ya alama. Andika na tarehe. Daftari la shule linatosha, ila lisikae jikoni.

Sasa soma ulichoandika. Namba zikishuka taratibu kwa mpangilio kutoka upande mmoja hadi mwingine, nyumba yako imeinama nzima kama meza kwenye mteremko. Fremu haina kosa. Hiyo ni kazi ya kusawazisha tu. Katikati ikiwa chini kuliko ncha, imeshuka tumbo: mara nyingi kitako cha kati kimezama au hakikuwahi kuwepo. Ncha zikiwa chini kuliko katikati, imeinua mgongo, na kwa trela hiyo hutokea pale mtu alipoweka mawe chini ya ekseli akasahau mbele na nyuma. Kona moja peke yake ikiwa chini, imesokoteka. Hii ya mwisho ndiyo hupasua vyuma. Kona yangu ya nne ilisoma milimita 31 chini. Zile nyingine hazikuzidi 9.

Pima na pembe za mshazari. Chumba cha mita 6 kwa mita 2.4 chenye pembe sawa kina mshazari wa mita 6 na sentimita 46, na mishazari yote miwili lazima ilingane. Ikitofautiana sentimita mbili tatu, nyumba imesukumwa upande, huenda siku ya kuhamishwa.

Mwisho funga uzi. Weka vipande viwili vya ubao vyenye unene sawa, kimoja kila ncha ya mhimili, vuta uzi juu yake ukaze, kisha pima umbali kutoka uzi hadi chuma kila mita moja. Mpira wa maji unakuambia chuma kiko wapi, uzi unakuambia chuma kina umbo gani. Utauhitaji tena baada ya jeki.

Hatua ya tatu: shuka kwenye udongo

Hatua hii mafundi wengi huiruka. Udongo wa huku haufanani. Uyole na kuelekea Tukuyu tunakalia udongo wa volkano, mwepesi, wenye vijiwe vinavyoelea majini. Unabeba vizuri ukiwa umetulia, ila maji yakipita kwa kasi yanauondoa kama unga. Tukuyu yenyewe hupata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo tatizo la huko ni maji kuliko uzito. Shuka Usangu, kwenye mbuga za mpunga za Mbarali, na udongo mweusi unafanya kinyume: unavimba masika, unapasuka kiangazi, na kitako kinapanda na kushuka kila mwaka. Mufindi utakuta udongo mwekundu wa mfinyanzi. Huo ni mgumu ukikauka, na ukilowa unateleza, hasa pale mlimani ulipokatwa kupata kiwanja.

Chimba kando ya kila kitako, si chini yake, uone kimekaa juu ya nini. Utacheka. Chini ya nyumba za watu nimekuta matofali ya kuchoma yaliyosagika, kipande cha mlingoti (mkaratusi) kilicholiwa na mchwa, na mara moja ringi ya gari. Kitako cha kweli ni zege, angalau sentimita 40 kwa 40, lililokaa kwenye udongo uliochimbwa hadi tabaka gumu na kushindiliwa, si juu ya majani. Fanya hesabu mwenyewe. Nyumba ya tani 4 ikikaa kwenye mawe manne ya sentimita 20 kwa 20, kila mita ya mraba ya udongo inasukumwa kwa kilo 25,000. Nyumba hiyohiyo kwenye vitako nane vya 40 kwa 40 inasukuma kilo 3,125. Mara nane pungufu, na bado hujagusa chuma.

Kisha maji. Weka mfereji wa paa na bomba la kuyapeleka mbali. Mita mbili kutoka kwenye fremu ni kidogo, tatu nne ndiyo nzuri. Upande wa mlimani chimba mtaro wa kuyakata kabla hayajafika. Inua udongo chini ya nyumba uwe juu kuliko wa nje, ili maji yasilale humo. Huku mvua huanza Novemba hadi karibu Mei, kwa hiyo kazi hii ifanye kuanzia Juni. Nikijaribu kueleza kwa nini usichimbe vitako Januari nitaonekana nalalamika, basi niseme tu nimefanya hivyo na nimejuta.

Usifunge chini ya nyumba kwa bati pande zote. Najua baridi ya Njombe na Makete inaumiza, na najua ni mahali pazuri pa kuku na kuni. Lakini kinyesi cha kuku ni sumu kwa chuma, na hewa isiyopita hubaki na jasho. Ukifunga, acha matundu kila upande.

Hatua ya nne: ingia chini, ila nyumba isimame kwa miguu yake

Usiingie chini ya nyumba iliyoshikwa na jeki peke yake. Hakuna haraka inayohalalisha hilo. Kwanza zima swichi kuu ya umeme, chomoa sola na betri, funga gesi. Ingia na tochi, nyundo ndogo, bisibisi, brashi ya waya na chaki. Vaa miwani, kutu ya machoni haina masihara.

Gonga kila chuma. Kizima kinalia, kilicholiwa kinasema "pu". Penye magamba piga kwa ncha ya nyundo hadi ufike chuma safi. Kutu ya juujuu inayotoka kwa brashi haina neno. Kanuni yangu ni kwamba chuma kilichopoteza robo ya unene wake hakipakwi rangi, kinabadilishwa. Kupima ni rahisi: toboa tundu dogo sehemu iliyoliwa na jingine sehemu nzima ya chuma hichohicho, ulinganishe unene.

Kuna mahali pa kutazama kuliko pengine. Chini ya bafu na sinki. Ncha za skwea paipu zisizozibwa: maji huingia na kutu hula kutoka ndani, wewe nje unaona rangi nzuri. Pale chuma kinapolalia ubao mbichi. Pale bawa linapounganika na mhimili, na pale ekseli zilipofungwa. Halafu jasho: usiku wa Juni na Julai nje kuna baridi kali, ndani watu wanapumua na chai inachemka, na mvuke unagandia kwenye chuma baridi nyuma ya dari. Kila asubuhi kinalowa, miaka mitano baadaye kimekwisha.

Nikiwa hapo kwenye baridi, niseme jambo ambalo si la fremu: usiingize jiko la mkaa kwenye chumba cha chuma ukalala nalo. Kontena halina nyufa kama nyumba ya matofali mabichi. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha.

Nyufa zitafute kwa brashi na mafuta ya taa. Safisha, paka mafuta ya taa, futa, kisha puliza vumbi la chaki juu yake. Ufa utatoa mstari mweusi. Weka alama pande zote mbili na uandike urefu wake daftarini.

Hatua ya tano: amua

Chora picha ya chasisi kwenye karatasi, weka namba zako, weka kutu na nyufa. Mara nyingi jibu linajitokeza lenyewe. Nyumba iliyoinama tu inataka kabari. Kona iliyozama na chuma kizima inataka kitako na jeki. Ufa juu ya kitako kilichozama unataka kitako, jeki, kisha kuchomelea, kwa mpangilio huo na si mwingine. Mabawa mawili yaliyoliwa ni kazi ya siku moja. Lakini kama mihimili yote miwili imeliwa katikati, au imepinda na kujikunja ubavuni, piga hesabu ya chuma kipya kabla ya kupenda cha zamani. Wakati mwingine kununua chasisi nyingine ya trela na kuhamishia nyumba juu yake ni nafuu kuliko kuunga viraka kumi. Hapo tafuta fundi anayejenga matrela, si wa mageti. Mbeya wapo, barabara ya Tunduma haijawahi kukosa trela la kutengeneza.

Hatua ya sita: jeki, milimita kwa milimita

Unahitaji jeki mbili za tani 10 au zaidi hata kama nyumba ni nyepesi, pleti za chuma za kuweka kati ya jeki na mhimili, na rundo la vipande vya mbao ngumu vilivyokatwa sawa. Mlingoti mkavu unafaa, paina inapondeka. Usitumie matofali ya bloku chini ya jeki, hupasuka bila kuaga.

Siku moja kabla, legeza kila kilichoshikana na nyumba: bomba la maji, la choo, waya wa umeme, ngazi, baraza. Fungua milango na madirisha yote. Toa kabati zito. Watoto na mbuzi wapelekwe kwa jirani.

Weka jeki juu ya ubao mpana, sentimita 60 kwa 60 hivi, kwenye udongo mgumu pembeni ya kitako, na kichwa chake kiwe chini ya mhimili mkuu. Kamwe usiinulie kwenye bawa wala kwenye boriti za sakafu. Kwa kontena, inulia kwenye kona zake za chuma nene. Jenga ngazi ya vipande vya mbao, viwili kwa viwili vikikatizana, karibu kabisa na jeki, uifuate kila inapopanda. Jeki ikikosa nguvu, nyumba ishuke milimita chache tu juu ya mbao, si juu yako.

Pandisha milimita 3, simama. Sikiliza. Nyumba italalamika, na mlio mdogo wa mbao ni kawaida. Mlio mkali wa chuma, au kioo kuanza kuvuma, ni amri ya kusimama. Pima kwa mpira wa maji, ingiza kabari, nenda nukta inayofuata. Kona yangu ya milimita 31 niliipandisha kwa siku mbili, na usiku wa katikati niliiacha ilale kwenye mbao. Vijana walitaka tumalize saa saba mchana tukale. Mwenye nyumba ni mimi.

Usitafute sifuri kamili. Nikibaki na tofauti ya milimita 5 kutoka nukta hadi nukta, na milango inafunga, nafunga kazi. Nyumba iliyokaa imepinda miaka sita imezoea. Ukiinyoosha kwa nguvu hadi sifuri unapasua upande wa pili.

Ikishakaa juu ya vitako vipya, rudisha uzi. Mhimili ukirudi kunyooka, ulikuwa umeinama kwa mzigo tu. Ukibaki na tumbo ingawa vitako viko sawa, chuma kimepinda moja kwa moja. Usikipashe moto kwa gesi ili ukinyooshe. Fundi asiyejua joto gani linatosha anakifanya kiwe laini kama risasi au kigumu cha kupasuka. Kama tumbo ni dogo, weka kabari kati ya mhimili na sakafu uendelee na maisha. Kama ni kubwa, pachika chaneli mpya ubavuni kwa urefu wa kutosha kuvuka sehemu iliyopinda hadi juu ya vitako viwili.

Hatua ya saba: sasa mwite fundi

Kabla hajawasha mashine, ng'oa dari laini, sponji na maboksi yote yaliyo karibu na moto. Sakafu ya kontena ni plaiwudi nene, na cheche ikiingia kwa chini inafuka polepole bila mwali. Ndoo ya maji na ya mchanga ziwe mkononi, na mtu abaki nusu saa baada ya kazi, akigusa sakafu kwa kiganja. Penye bati au chuma chenye zinki, saga zinki yote kwanza na ukae upande upepo unakotoka. Moshi wake mweupe unatia homa.

Kibano cha kurudishia umeme kifungwe karibu na mahali pa kuchomelea, kwenye chuma kilichosagwa. Kikifungwa mwisho wa nyumba, umeme utatafuta njia yake kupitia bawaba, beringi na waya za ndani.

Ufa unatibiwa hivi. Toboa tundu la milimita 6 kila mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia. Fungua ufa kwa grenda uwe umbo la V. Chomelea, saga uwe sawasawa na chuma. Kisha weka pleti ubavuni mwa mhimili, yenye unene usiozidi wa mhimili, na iende kila upande wa ufa angalau mara mbili ya kimo cha mhimili. Ncha za pleti zikatwe mshazari au kama almasi, zisikatwe wima. Ncha iliyokatwa wima inakusanya nguvu yote mstari mmoja, na hapo ndipo chuma changu kilipopasuka mara ya pili. Ukingo wa juu na wa chini wa mhimili usipigwe mstari wa kuchomelea unaoukata katikati. Choma vipande vifupi, huku kidogo, kule kidogo, chuma kipumue. Ukichoma mstari mrefu kwa pumzi moja mhimili utavutwa na kupinda upya.

Rodi zenye namba 6013 ndizo zinazouzwa kila duka na zinatosha kwa mabawa na vibanda. Kwa mhimili mkuu ni bora 7018, mradi ziwe kavu. Kwa unyevu wa Tukuyu, pakiti iliyokaa wazi wiki mbili imeshaharibika: mshono unatoka na vitundu kama maandazi. Mwambie fundi akuonyeshe mshono kabla hajaupaka rangi. Fundi mzuri hatakasirika.

Rangi baadaye. Safisha hadi chuma king'ae, paka redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo kabla umande haujashuka, kisha rangi ya mafuta mara mbili. Ziba ncha za skwea paipu, ila toboa kijitundu upande wa chini maji yatoke.

Kuhusu kontena na grenda

Ukikata ukuta wa kontena upate dirisha, umekata mfupa. Kata fremu ya skwea paipu kwanza, uiandae, kisha kata tundu na uichomelee pande zote siku hiyohiyo. Usiondoe ukuta mzima wa ubavu kupata mbele ya duka bila kuweka boriti juu na nguzo za kuibeba, maana kontena litalegea tumbo na milango ya nyuma haitafunga tena. Na paa lake si la kubeba tanki la maji. Tanki la lita 1,000 ni tani nzima. Lijengee mnara wake.

Siku ya kuhamisha

Nyumba nyingi hupinda barabarani. Pima mishazari kabla ya kuondoka na baada ya kufika. Piga mikingamo ya muda ya mbao ndani ya kila tundu la mlango na dirisha. Kama mzigo unazidi vipimo vya kawaida, omba kibali TANROADS mapema, na usipange kushuka mlima wa Kitonga usiku. Ukifika, usiishushe juu ya mawe "kwa leo tu". Vitako viwe vimekauka kabla trela haijafika. Kama unakwenda Makambako, kule upepo unakojulikana, funga pia mnyororo kutoka kwenye mihimili hadi kwenye zege lililofukiwa. Kibanda cha bati ni chepesi kuliko unavyodhani.

Baada ya hapo ni kupima mara mbili kwa mwaka, Novemba mvua ikianza na Juni udongo ukikauka. Inachukua saa moja na mtu wa kushika mpira. Kona yangu ya nne imeshuka milimita 2 tangu Novemba. Nimeiwekea mduara kwenye daftari, na mtaro wa upande ule nimeusafisha jana.